Je, Wajua? Nyota wa Raga Anapovaa Jezi ya Watani wa Jadi

Mchezaji huhama kwa saini moja, shabiki hahami. Ndiyo maana habari kwamba nyota amesajiliwa na wapinzani huwaumiza mashabiki kuliko kufungwa fainali. Wapo wanaodhani maumivu hayo huishia kwenye kelele za jukwaani. Historia ya raga inaonyesha vingine: hasira ya mashabiki imewahi kuzaa mashindano mapya, kuvunja mipango ya matajiri na kubadili hatima ya klabu nzima. Soma ujionee.

Je, wajua kwamba kwa miaka 100 kuhama kulikuwa kosa lisilosamehewa?

Tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za kaskazini mwa Uingereza walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na chama cha raga cha nchi hiyo. Wengi wa wachezaji wao walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwandani. Wakienda kucheza Jumamosi, walipoteza ujira wa siku, na chama kilikataa katakata wafidiwe. Mgawanyiko huo ukazaa raga mbili: ile ya wachezaji 15, iliyokataza malipo, na ile iliyolipa, ambayo tangu mwaka 1906 huchezwa na watu 13 kila upande.

Aliyetoka kwenye raga ya 15 kwenda kulipwa kwenye raga ya 13 alifungiwa maisha. Wales iliumia sana, kwa sababu vijana wake wengi walitoka katika familia za wachimba migodi, na fedha za kaskazini hazikuwa rahisi kuzikataa. Desemba 1988, Jonathan Davies alikuwa nahodha wa Wales iliyofungwa 15–9 na Romania mjini Cardiff. Wiki chache baadaye, Januari 1989, aliiaga Llanelli akaenda Widnes kucheza raga ya 13. Marufuku hiyo iliondoka Agosti 1995, bodi ya kimataifa ilipotangaza jijini Paris kwamba raga ya 15 sasa ni mchezo wa kulipwa. Kabla mwaka haujaisha, Davies alikuwa amerejea Wales. Ila hakurudi Llanelli. Alivaa jezi ya Cardiff, wapinzani wao wa siku nyingi.

Je, wajua kwamba winga mmoja alinunuliwa kwa pauni 440,000, kisha akafunga trai 10 katika mechi moja?

Martin Offiah, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Nigeria, aliingia Widnes mwaka 1987 akitokea raga ya 15. Kasi yake iliwajaza watu viwanjani, na mwaka 1989 Widnes iliichapa Canberra ya Australia 30–18 ikatawazwa bingwa wa dunia wa klabu. Januari 1992 Wigan, majirani waliokuwa wakitwaa karibu kila kombe, walimnunua kwa pauni 440,000, fedha ambazo raga ya wachezaji 13 haikuwa imewahi kulipa kwa mtu mmoja.

Mashabiki wa Widnes hawakupewa hata muda wa kusahau. Tarehe 10 Mei mwaka huohuo, Wigan iliichapa Leeds 74–6 katika nusu fainali, na Offiah peke yake akafunga trai 10, yaani mara 10 aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani. Kwa shabiki aliyebaki Widnes, kila trai ilikuwa ushahidi wa kile kilichouzwa.

Je, wajua kwamba moja ya mashindano makubwa zaidi Australia yalitokana na uchungu wa kunyang'anywa nyota?

Mwaka 1956 jimbo la New South Wales liliruhusu mashine za kamari katika klabu zake, na klabu za Sydney zikanawiri. Zikaanza kuwavuta wachezaji bora wa raga ya 13 kutoka jimbo jirani la Queensland. Adha haikuishia hapo. Timu za majimbo zilichaguliwa kwa kufuata mahali mchezaji alipo, si alikozaliwa. Hivyo mtoto wa Queensland aliyehamia Sydney alivalishwa jezi ya New South Wales, akatumwa kwenda kuwafunga ndugu zake. Miaka nenda, miaka rudi, Queensland ilifungwa na watoto wake wenyewe, na mashabiki wakaanza kususia viwanja.

Suluhisho likapatikana tarehe 8 Julai 1980, katika uwanja wa Lang Park jijini Brisbane: mechi moja ya majaribio ambayo kila mchezaji angeitumikia ardhi aliyoanzia mchezo. Mcheza kwao hutunzwa, na Arthur Beetson alilithibitisha hilo. Alikuwa na miaka 35, amekaa Sydney tangu miaka ya 1960, na kwa miaka mingi alikuwa ameichezea New South Wales. Usiku ule aliongoza Queensland akiwa nahodha, na hakumwonea huruma hata Mick Cronin, mchezaji mwenzake wa klabu ya Parramatta aliyekuwa upande wa pili. Zaidi ya watu 33,000 walifurika uwanjani, na Queensland ikashinda 20–10. Majaribio hayo yakawa State of Origin, mashindano ambayo hadi leo husimamisha shughuli katika majimbo yote mawili kila mwaka. Sanamu ya Beetson imesimama nje ya uwanja huo.

Je, wajua kwamba kuna nyota aliyeondoka katikati ya msimu bila kuaga?

Julai 2008, Sonny Bill Williams alipanda ndege Sydney akaelekea Ulaya, akiwaacha Canterbury Bulldogs na mkataba wa miaka mitano ambao bado ulikuwa mbichi. Wachezaji wenzake walipopata habari, yeye alikuwa safarini kujiunga na Toulon ya Ufaransa katika raga ya wachezaji 15. Mashabiki wakambadilisha jina, wakamwita "Money Bill". Kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya kulipa dola 750,000 za Australia, na Bulldogs wakamaliza msimu wakiwa mkiani mwa ligi.

Fedha zililipwa, lakini hasira haikulipika. Williams alitwaa Kombe la Dunia na New Zealand mwaka 2011, kisha mwaka 2013 akarejea kwenye ligi ya Australia, safari hii kwa Sydney Roosters. Alipokutana na Bulldogs, mashabiki walimzomea kila alipogusa mpira, ilhali miaka mitano ilikuwa imepita. Roosters wakatwaa ubingwa mwaka huohuo. Kilichowaudhi mashabiki zaidi ni namna alivyoondoka: kuwa mlango ulifungwa kimyakimya na wao ndio wakawa wa mwisho kujua.

Je, wajua kwamba sheria ya uraia wa michezo iliwahi kumpeleka jitu la Munster kwa Leinster?

Ireland ina timu nne za majimbo, na uhasama mkubwa zaidi ni kati ya Munster ya kusini na Leinster ya Dublin. Mei 2009, nusu fainali yao ya Ulaya ilijaza watu 82,208 katika uwanja wa Croke Park, rekodi ya wakati huo kwa mechi ya klabu za raga. Leinster ilishinda 25–6.

Mwaka 2020 Munster ilimsajili RG Snyman, Mwafrika Kusini mrefu wa kupita wenzake na bingwa wa dunia wa 2019. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Leinster, na ndani ya dakika 10 za mwanzo aliumia goti. Mashabiki wa Munster walimsubiri kwa subira ya mzazi anayeuguza mwana, jeraha baada ya jeraha.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kuanzia Januari 2022, shirikisho la raga la dunia liliruhusu mchezaji aliyekwisha kuchezea taifa moja ahamie taifa la kuzaliwa kwake au la wazazi wake, baada ya kukaa miaka mitatu bila kuchezea timu ya taifa. Jean Kleyn wa Munster, aliyeichezea Ireland mwaka 2019, akaitumia nafasi hiyo kuichezea Afrika Kusini mwaka 2023. Yeye na Snyman wakarudi na medali za ubingwa wa dunia, lakini Kleyn sasa akahesabiwa kuwa mgeni, na idadi ya wageni katika kila jimbo ina ukomo. Munster haikuweza kubaki na wote wawili. Desemba 2023 ikatangazwa kwamba Snyman atakwenda, tena si kwingine bali Leinster. Juni 2025, akiwa katika kikosi cha Leinster, alitwaa ubingwa wa ligi ya URC baada ya Bulls ya Pretoria kuchapwa 32–7. Mashabiki wa Munster waliomuuguza hawakuwa na wa kumlaumu isipokuwa kanuni.

Je, wajua kwamba kuna aliyevuka bahari, kisha akarejea nyumba ya jirani?

Januari 2024, siku ileile kikosi cha Wales cha michuano ya Mataifa Sita kilipotangazwa, Louis Rees-Zammit alitoa habari zake mwenyewe: anaacha raga ili ajaribu kandanda ya Marekani. Alikuwa na miaka 22, na miezi michache nyuma alikuwa amefunga trai tano kwenye Kombe la Dunia. Gloucester, klabu iliyomlea, ilimruhusu aende. Mashabiki walihuzunika, lakini wengi walimtakia heri, kwa sababu alikuwa akifuata ndoto ya mbali.

Alipita Kansas City Chiefs, kisha Jacksonville Jaguars, bila kucheza mechi hata moja ya ligi yenyewe. Agosti 2025 alirejea katika raga ya Uingereza. Hata hivyo, hakwenda Gloucester. Alisajiliwa na Bristol Bears, majirani wa magharibi ambao Gloucester hupambana nao kwa jino na ukucha. Hapo ndipo huzuni ilipogeuka hasira. Shabiki huweza kumpoteza mchezaji kwa Marekani akalala usingizi. Kumpoteza kwa mji wa pili ni kumwona kila msimu akiwafurahisha wengine.

Je, wajua kwamba moja ya mechi kubwa za kwanza baada ya karantini ilimkutanisha nyota na timu aliyoiacha?

Beauden Barrett aliichezea Hurricanes ya Wellington kuanzia mwaka 2011, akaipa ubingwa wa Super Rugby mwaka 2016, na akatajwa mchezaji bora wa dunia mwaka 2016 na 2017. Julai 2019 alitangaza kuhamia Blues ya Auckland, jiji kubwa ambalo Wellington hushindana nalo kwa kila jambo. Kisha Uviko ukafunga viwanja ulimwenguni.

New Zealand ilipofungua milango, ratiba ilipanga Blues na Hurricanes. Tarehe 14 Juni 2020, watu wapatao 43,000 waliketi bega kwa bega katika uwanja wa Eden Park, wakati sehemu kubwa ya dunia ikiwa bado imejifungia ndani. Barrett akavaa jezi ya Blues kwa mara ya kwanza dhidi ya wenzake wa zamani, na Blues wakashinda 30–20.

Je, wajua kwamba timu inayoachwa mara nyingine hutwaa ubingwa?

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Castres ni mji mdogo wa Ufaransa wenye watu wapatao 40,000, chini ya kilomita 100 kutoka jiji la Toulouse. Mwaka 2017 kijana wao Antoine Dupont alihamia kwa jirani huyo tajiri, ambako baadaye angekuwa mchezaji bora wa dunia. Mashabiki wa Castres walilia, lakini mwaka mmoja tu baada ya kuondoka kwake, Castres waliomaliza ligi nafasi ya sita walipenya hadi fainali wakaichapa Montpellier 29–13. Kombe la 2018 likabaki kwenye mji mdogo.

Cape Town nayo ina kisa cha namna hiyo. Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini iliyotwaa Kombe la Dunia 2019, alikuzwa na Stormers. Mapema mwaka 2021 alihamia Sharks ya Durban, muda mfupi baada ya wawekezaji kutoka Marekani kununua hisa nyingi za klabu hiyo. Wengi waliona Stormers imekwisha. Juni 2022, Stormers ileile iliifunga Bulls 18–13 mbele ya mashabiki wake, ikawa bingwa wa kwanza wa URC.

Je, wajua kwamba klabu nzima iliwahi kutaka kuhamia kwa mpinzani, na ikashindwa ndani ya siku sita?

Tarehe 13 Machi 2017, wamiliki wa klabu mbili kuu za Paris, Stade Français na Racing 92, walitangaza kuziunganisha. Haikuwa habari ya mchezaji mmoja tena. Shabiki aliamka akaambiwa ashangilie rangi alizozizomea maisha yake yote. Wachezaji wa Stade Français waligoma, mashabiki wakasimama nao, na tarehe 19 Machi mpango ukafutwa. Miezi miwili baadaye, klabu hiyo iliyokataa kuzikwa ikaifunga Gloucester 25–17 mjini Edinburgh na kutwaa Kombe la Challenge la Ulaya. Mwenye hisa ana karatasi, lakini mwenye klabu ni yule anayekataa ife.

Je, wajua kwamba kuna wakati usaliti wa mmoja huwa furaha ya visiwa vizima?

Kabla ya Kombe la Dunia la raga ya 13 mwaka 2017, Jason Taumalolo, mzaliwa wa Auckland mwenye asili ya Tonga, aliachana na New Zealand akachagua taifa la wazee wake. Andrew Fifita naye akaiacha Australia. New Zealand walikasirika. Watonga wakajaza barabara za Auckland kwa bendera nyekundu. Tarehe 11 Novemba, mjini Hamilton, Tonga iliifunga New Zealand 28–22, na katika nusu fainali ikakosa fainali kwa pointi mbili tu, Uingereza ikishinda 20–18.

Je, wajua kwamba Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ligi ya kandanda ya Marekani, alitokea kwenye raga?

Daniel Adongo alilelewa Kenya, akacheza raga Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili ingawa hakuwa amewahi kucheza kandanda ya Marekani, na Desemba mwaka huo akaingia uwanjani. Wapenzi wa raga wa Nairobi waliokuwa wakitumaini kumwona akiitumikia nchi yake walijikuta wakijifunza kanuni za mchezo mwingine ili wamfuatilie.

Je, wajua kwamba yupo aliyehamia kwa watani wa jadi akapendwa na pande zote?

Mji wa Hull, mashariki mwa Uingereza, umegawanywa na mto. Magharibi ni Hull FC, nyeusi na nyeupe. Mashariki ni Hull Kingston Rovers, nyekundu na nyeupe. Familia zimegawanyika kwa rangi hizo kizazi baada ya kizazi.

Clive Sullivan alizaliwa Cardiff, Wales, akajiunga na Hull FC mwaka 1961 na kuifungia trai 250. Mwaka 1972 aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia la raga ya 13, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo mkubwa. Mwaka 1974 alivuka mto akaenda Rovers, na huko akafunga trai 118. Mei 1980 timu hizo mbili zilikutana fainali ya Kombe la Challenge uwanjani Wembley. Mji ulibaki mtupu, na kwenye barabara ya kutokea mtu aliweka bango la kumwomba wa mwisho kuondoka azime taa. Sullivan, akiwa na miaka 37, aliichezea Rovers, nao wakaifunga Hull FC 10–5.

Kama kuhama pekee kungetosha kumfanya mtu achukiwe, Sullivan angechukiwa kuliko wote. Alipofariki mwaka 1985, akiwa na miaka 42 tu, mji mzima ulimlilia. Barabara kuu inayoingia Hull ikaitwa Clive Sullivan Way, na timu hizo mbili hushindania kombe lenye jina lake. Mwaka 2023 Cardiff nayo ilisimamisha sanamu yake bandarini, pamoja na za Billy Boston na Gus Risman, vijana wengine wa mji huo waliokwenda kaskazini kutafuta malipo na heshima. Boston, mwenye baba kutoka Sierra Leone, alifunga trai 571 katika maisha yake ya mchezo. Wales yenyewe ilisubiri hadi miaka ya 1980 kumchezesha mtu mweusi katika timu yake ya wachezaji 15.

Visa hivi vyote vinafundisha jambo moja. Mashabiki hawadai kwamba mchezaji asihame kamwe. Wanajua kuwa mwili wa mchezaji wa raga una miaka michache ya kuvuna. Wanachodai ni kutendewa kama watu wenye sehemu yao katika klabu: waambiwe ukweli mapema, waagwe kwa heshima, na wasifanywe bidhaa inayokwenda pamoja na jezi. Sullivan alitoa jasho lake lote kwa kila rangi aliyoivaa, na mji ukamlipa kwa upendo wa pande mbili. Klabu itakayolikumbuka hilo kabla ya kutangaza usajili itaweza kumpoteza nyota wake bila kuwapoteza watu wake.